Spika Zenye Bitana

Mama yangu mdogo hawezi kukiona kitu kiko uchi akakiacha hivyo. Meza ina kitambaa chake, jagi la maji lina kofia ya nyuzi, na kiti cha plastiki cha uani kimevalishwa foronya. Mtaani wanamwita Mama Pindo. Ni fundi wa mapazia na makochi, kazi aliyoianza kabla sijazaliwa, na mnaweza mkawa mnazungumza habari za msiba huku mkono wake unanyoosha pindo la sketi yako bila mwenyewe kujua. Mimi nimeshapigwa makofi ya paja mara nyingi kwa kosa la kuvaa nguo iliyofumuka. Nampenda sana, lakini ni mtu wa kuchosha.

Kazini kwake kuna sheria moja isiyovunjwa, nayo ni bitana, kile kitambaa cha pili cha ndani. Pazia lisilo na bitana, kwake, si pazia, ni tambara lililotundikwa. Mteja bahili akimwomba aiache ili gharama ipungue, humrudishia kitambaa chake. "Nenda kwa mwingine," humwambia, "mimi sishoni vyandarua." Ndiyo maana mapazia yake huanguka mazito, yamenyooka, jua haliyapenyi wala kelele za barabarani. Hilo la kelele alikuwa akilitangaza mwenyewe. "Ukifunga pazia langu," alikuwa akisema, "hata jirani agombane na mkewe hutasikia." Wateja walicheka, wakaagiza.

Mumewe, baba yangu mdogo, tulimwita Mzee Chapa kwa sababu maisha yake yote ya kazi yaliishia kwenye kiwanda cha kuchapisha magazeti na vitabu vya shule. Mitambo ya pale ilinguruma asubuhi hadi jioni, na wengi wa wenzake walistaafu wakiwa viziwi. Ukimsalimu mmoja wao "Habari za nyumbani?" anakuuliza, "Nani kafa?" Mzee Chapa yeye alijaza pamba masikioni tangu siku ya kwanza, wakamcheka kwa hilo miaka yote, naye akatoka na masikio yake. Aliyapenda masikio yale kama mtu anavyopenda gari alilolitunza.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, binamu yangu. Tulimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi. Aliongea akila, aliongea akioga, na aliongea usingizini, najua kwa sababu nililala naye kitanda kimoja kila likizo. Baba yake alipoleta nyumbani redio ya kurekodi, Chiriku alitunga wimbo wa kumdhihaki kwa ajili ya mkoromo wake. Wakakaa sebuleni, baba akabonyeza kitufe. Kabla ya kuimba, binti alikisogelea kinasa sauti na kunong'ona, "Baba, usicheke." Kisha akavuta pumzi, akaimba beti zote, akaiga na mkoromo wenyewe mle ndani.

Siku ile Mzee Chapa alijizuia asicheke. Alinieleza kwamba aliuma shati.

Chiriku alikufa mwaka uliofuata, kwa homa iliyoingia mwanzoni mwa wiki na kumchukua kabla wiki haijaisha. Sina la kulisema hapo ambalo wengine hawajalisema. Nilimwona Mama Mdogo akiishona sanda ya mwanawe kwa mkono wake, kwa sababu hakutaka fundi mwingine amshonee, na baada ya siku hiyo sikumwona analia kwa miaka mingi. Alilia yote kwenye ile sindano.

Baada ya matanga, kila mmoja alishika njia yake. Baba aliitoa kaseti ya wimbo ule kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, akaiweka, akakaa kwenye kochi la watu wawili, upande wa kulia, kiwiko juu ya mkono wa kochi. Mama hakuweza. Kaseti ikianza tu aliinuka, akaingia chumba cha kazi, akaketi kwenye cherehani na kukanyaga. Kilichomfikia kule ndani hakikuwa wimbo. Kilikuwa kicheko cha mumewe, kifupi, kama cha mtu aliyetekenywa. Kila Jumapili mahali ni palepale, mtoto akishanong'ona "Baba, usicheke," baba anacheka.

"Mimi sisikilizi," aliniambia mara moja, sindano iko mdomoni. "Lakini baba yako akicheka najua mwanangu amepita pale."

Basi ndivyo walivyoishi, mmoja akimsikia mtoto kwenye spika na mwingine akimsikia mumewe ukutani. Kwangu mimi ilikuwa ndoa ya ajabu. Wao iliwatosha.

Hatimaye spika zile za zamani zikafa. Ule mzunguko wa sponji unaoshika koni, ile karatasi nyeusi inayotoa sauti, ulioza, ukamong'onyoka, sauti ikawa ya mtu mwenye mafua. Ikabidi zikanunuliwe nyingine, na mimi nikachukuliwa kama msuluhishi, maana kila mmoja alijua mwenzake atataka nini.

Dukani zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa. Mama Mdogo alikwenda moja kwa moja kwenye mbili nyembamba, ndefu, za mbao ya rangi ya asali, zilizopakwa vanishi hadi unaona meno yako. Akazipapasa kama anapapasa kitambaa. "Hizi," akasema. "Hizi zitakaa na makochi yangu wala hazitagombana."

Mzee Chapa hakutazama chochote. Alitoa kaseti kwenye mfuko wa koti, akamwomba muuzaji aijaribu kwenye kila jozi, akafumba macho. Muuzaji, kijana aliyejipulizia manukato ya kutosha duka zima, alianza na zile kubwa zinazowakawaka taa. Zikatikisa kioo cha mlango. Mzee akatikisa kichwa. Zikaja za rangi ya asali. Wimbo ulitoka vizuri, lakini mnong'ono ulikuja kwa mbali, umekauka. Akatikisa kichwa tena.

Kisha yakaja masanduku mawili meusi ya pembeni, hayana hata kava la mbele, koni zake ziko wazi. Kaseti ikazunguka. "Baba, usicheke," Chiriku akanong'ona, na nywele za shingoni zilinisimama, maana alikuwa amesimama kati yetu. Ulisikia hadi mate kwenye ulimi. Mzee Chapa akacheka palepale dukani, amefumba macho, machozi yakimtoka.

Mama Mdogo alikuwa ameshageuka kutazama barabarani.

"Hizi," mzee akasema.

"Hizi?" Mama Mdogo akageuka. "Baba Chiriku, hizi ni masufuria mawili yaliyoungua, mtu kayatia kwenye kabati. Nitamkaribisha nani sebuleni na vitu hivi?"

"Mke wangu, spika ni ya masikio."

"Na sebule ni ya macho! Macho hayana pazia, watu wanaona."

"Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," mzee akajibu, akitabasamu, maana alijua amemshika.

Muuzaji akaniangalia mimi. Nikamwambia afunge zile nyeusi. Mama Mdogo alinuna njia nzima, ila alipofika nyumbani alizifuta vumbi mwenyewe na kuziweka kwenye pembe mbili za sebule. "Zikae," alisema. "Siku moja nitazivisha." Mumewe akasema sawa, kwani nini? Zile za zamani nazo zilikuwa na kitambaa usoni. Hakuna aliyeliona neno baya katika kauli ile.

Mwaka mmoja baadaye Mzee Chapa aliugua kifua, akalazwa hospitali, akachomwa sindano asubuhi na jioni kwa muda mrefu. Mama Mdogo alikuwa akitoka wodini anarudi nyumbani kwenye nyumba tupu, na mikono yake haijui kukaa. Akaamua kumwandalia mumewe mapokezi. Makochi alikuwa ameyabadilisha karibuni, akayavisha kitambaa kizito cha rangi ya zambarau kilichofumwa maua ya dhahabu, na kipande kikubwa kilikuwa kimebaki. Akazipima zile spika. Akazikatia. Mbele akatandaza sponji nyembamba ili uso uwe laini, juu ya sponji akaweka bitana, juu ya bitana kile kitambaa, akakivuta kikakaza, akakipigilia nyuma kwa misumari midogo ya makochi. Hakuna hata kunyanzi moja. Nilipoingia sebuleni nilisema "Loh!" kwa sauti, na sikuwa nataka kumfurahisha. Zilikuwa zimependeza kweli. Sasa zilikuwa ndugu wa makochi.

Ambalo hatukulijua wakati ule ni kwamba daktari alikuwa amemweka mzee pembeni na kumwonya. Dawa zile huokoa kifua lakini huweza kugusa masikio, akisikia mabadiliko aseme. Mzee hakutuambia. Alikuwa mtu wa kutotaka kuhangaikiwa.

Alirudi nyumbani amekonda, akaziona, akasimama mbele yake mikono nyuma. "Mama Chiriku," akasema, "umeziozesha leo?" Mama Mdogo akacheka kama msichana. Jumapili iliyofuata mzee akala kidogo, akaweka kaseti, akakaa mahali pake. Mama Mdogo akaingia kwenye cherehani.

Kicheko hakikuja.

Aliondoa mguu kwenye kanyagio akasikiliza. Wimbo ulikuwa unaendelea kule sebuleni, mzito, kama unatoka nyumba ya pili. Akafikiri mgonjwa amechoka. Jumapili ya pili kicheko hakikuja tena. Mara moja mzee aliongeza sauti mpaka madirisha yakalia, na Mama Mdogo, akiwa ndani, akapiga kelele, "Punguza, Baba Chiriku, utatutoa roho!" Mzee akapunguza. Baada ya hapo hakuongeza tena.

Sasa hapa ndipo ninapopata hasira, na sijui nimkasirikie nani. Mume alikaa pale akijua kwamba masikio yake yamekwisha, kwamba mitambo na sindano zimemchukulia kile kimoja alichokilinda kwa pamba miaka yote, na akanyamaza ili mkewe asihuzunike. Mke alikaa upande wa pili wa ukuta akijua kwamba mumewe ameshamzoea marehemu, kwamba mtoto anapita na baba hashtuki, naye akanyamaza kwa uchungu. "Wanaume husahau upesi," aliniambia, akikata uzi kwa meno. Nikamwambia amuulize. "Nimuulize nini? Kwa nini hucheki?" Akaendelea kushona.

Akawa mkavu kwake. Chai alimpelekea, ila hakukaa naye kuinywa. Mzee kila alipopita karibu na spika alisifia kitambaa, na mkewe alijibu "Haya." Mwishowe kaseti ikaacha kuchezwa. Jumapili mzee alikaa kwenye kochi lake akizitazama spika zenye maua ya dhahabu, redio imezimwa. Wageni walizisifu. Wengine waliagiza zao zivishwe hivyohivyo, na Mama Mdogo akawavisha.

Miaka ilikwenda, na masikio ya mzee yakaanza kuondoka kweli. Kwanza alikosa mlango ukibishwa, kisha akawa anatazama midomo yetu, kisha ikabidi umwinamie na kupiga kelele sikioni ili apate neno moja. Akawa kama wenzake wa kiwandani. Alilipokea kwa utulivu uliotushangaza sote, maana sisi kwetu lilikuwa jipya na yeye alikuwa ameshalilia zamani.

Kilichofumbua kila kitu ni mkono wa kochi. Kiwiko cha mzee kilikuwa kimekula kitambaa upande ule wa kulia hadi sponji ikachungulia, na Mama Mdogo hawezi kuishi na sponji inayochungulia. Alizunguka maduka yote kutafuta ile zambarau, ikawa haitengenezwi tena. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kuwaona. Mzee alikuwa uani anaota jua. Mama Mdogo alisimama katikati ya sebule, mkasi mkononi, akazitazama zile spika.

"Nitavua moja," akasema. "Hakuna anayezisikiliza."

Aling'oa misumari, akafunua kitambaa, akaondoa bitana, akaondoa sponji. Ile koni nyeusi ikatoka, mbaya kama siku ya kwanza. Akavua na ya pili ili zisipishane. Kisha akaogopa kwamba amekata waya huko nyuma, akaniambia, "Hebu weka chochote tuone kama inaongea." Kaseti iliyokuwa mle ndani ilikuwa ni ileile, mzee hakuwahi kuitoa. Nikairudisha mwanzo, nikabonyeza.

"Baba, usicheke."

Alikuwa sebuleni. Alikuwa kati yetu, na mate kwenye ulimi, na pumzi aliyoivuta baadaye.

Mama Mdogo hakuwa amewahi kukaa akaisikiliza, hata dukani aliigeuzia mgongo. Miaka yote ile alisikia kicheko tu. Alikaa chini sakafuni taratibu, kitambaa kiko mapajani, na wimbo ukaenda hadi mwisho na mkoromo wake. Kisha akachukua kile kitambaa pamoja na bitana na sponji, akavibandika tena mbele ya koni kwa viganja viwili. "Rudia," akaniambia. Nikarudia. Wimbo ukaja, mzito, wa nyumba ya pili. Mnong'ono haukuwepo kabisa. Akaondoa mikono. "Rudia." Ukawepo.

"Alitoka hospitali lini?" akaniuliza.

Alitoka zikiwa zimeshavaa. Alikuwa anajua mwenyewe.

Siku ile nilitamani kuwa kipofu nisione. Alikwenda uani, akamshika mzee mkono, akamleta sebuleni, akamketisha mahali pake. Nilijiuliza atamwambiaje. Kosa kama lile mtu hulisema kwa kunong'ona, na mume wake ilibidi apigiwe kelele mtaa mzima usikie. Hakupiga kelele. Alikaa mbele yake, akakionyesha kitambaa, akakibandika kwenye spika, akaliziba sikio la mumewe kwa kiganja. Akakiondoa, akalizibua sikio. Akajipiga kifua: ni mimi. Akarudia, polepole, kama unavyomfundisha mtoto kufunga kamba za viatu.

Mzee Chapa aliangalia kitambaa, akaangalia koni zile mbili, akamwangalia mkewe.

"Kumbe hayakuwa masikio," akasema.

Sauti yake ilikuwa kubwa mno, kama ya viziwi wote. "Wakati ule hayakuwa masikio. Daktari aliniambia dawa zitayala. Nilikuwa nawasikia nyie mkiongea, nikadhani mnapaza sauti kwa kunihurumia." Akajigusa sikio. "Miaka yote ile nilikuwa nayo."

Mama Mdogo akakilaza kichwa chake kwenye magoti ya mumewe, na hapo ndipo nilipomwona analia, kwa mara ya kwanza tangu ile sanda. Alilia kwa sauti, naye mzee hakuisikia, aliiona kwa mabega yake yanavyopanda na kushuka. Akamwekea mkono mgongoni. Nilitoka nje nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Spika zilikaa uchi wiki kadhaa. Mama Mdogo hakutaka hata kuzigusa kwa kitambaa cha vumbi. Aliwafuata wote aliowahi kuwavishia spika, akazivua kwa mikono yake bila kueleza sababu, wengine wakamkasirikia. Ni mzee aliyeanzisha habari ya kuzivisha tena. Tulikuwa tunakula, akazinyooshea kidole.

"Zirudishie nguo," akasema kwa ile sauti yake kubwa. "Mimi sasa nazitazama tu."

Mkewe alitikisa kichwa, hapana, hapana. Mzee akacheka kidogo. "Mama Pindo mzima, unaniachia vitu uchi sebuleni?"

Basi Mama Mdogo alikwenda kumuuliza fundi redio wa mtaa wa pili, akaambiwa kwamba kitambaa cha spika ni kile ambacho ukikiweka mdomoni na kupuliza, pumzi inapita yote. Tukaenda madukani. Alishika kila kitambaa, akakiinua mdomoni, akapuliza, mwenye duka akimwangalia kama mwenda wazimu. Vizuri havikupitisha pumzi. Vilivyopitisha vilikuwa vya kushonea magunia. Tuliingia duka baada ya duka, mguu ukinivimba, na sikulalamika hata mara moja, jambo ambalo si kawaida yangu. Mwisho tukakipata kimoja chepesi, cha zambarau iliyofifia, karibu kionyeshe upande wa pili. Hakikuwa na maua. Alipuliza, mkono wangu uliokuwa nyuma yake ukapata joto la pumzi yake.

Akakishona bila bitana. Ndiyo kazi pekee ya mikono yake ninayoijua isiyo na bitana, na alipomaliza alikaa akiitazama kama mtu aliyetoka nje na nguo ya ndani. Mzee akasimama mbele ya spika, mikono nyuma. "Zimependeza," akasema.

Jumapili Mama Mdogo haendi tena kwenye cherehani. Baada ya chakula anaiweka kaseti mwenyewe, anakaa kwenye kochi la watu wawili, upande wa kushoto. Mzee anakaa wa kulia, kiwiko juu ya kile kiraka cha zambarau ya zamani. Anazitazama spika. Kaseti inazunguka, Chiriku anakisogelea kinasa sauti, ananong'ona, na mama yake anamgusa baba goti kwa kidole.

Mzee Chapa anacheka. Kicheko ni kilekile, kama cha mtu aliyetekenywa, ila siku hizi huchelewa kidogo, na binti anakuwa ameshaanza kuimba.